Uzazi wa Gapi Darasani: Tusiwafiche Watoto

Mwalimu afugaye darasani samaki wadogo waitwao gapi hana budi kujitayarisha kwa swali zito: kwa nini mama amekula watoto wake? Wako waonao heri kulificha jambo hili. Sisi hatuafikiani nao.

Gapi hatagi mayai; huzaa watoto walio hai baada ya majuma manne hivi. Doa jeusi lililo tumboni karibu na mkia hukolea siku zikaribiapo. Wanafunzi na walichunguze na kuandika tarehe. Kumhamisha mama saa za mwisho humsumbua. Afadhali mimea ya majini itiwe tangini mapema, vifaranga wapate maficho. Wakizaliwa, walishwe kiini cha yai lililochemshwa, kidogo sana, mara kadhaa kwa siku, na mabaki yaondolewe yasichafue maji.

Wakihesabiwa kesho yake wakaonekana wamepungua, mwalimu asitunge uongo. Aulize: Je, maficho yalitosha? Mwanafunzi atakayelijibu swali hilo kwa kuongeza majani atakuwa amejifunza kutunza uhai, jambo ambalo ubao na chaki haviwezi kumfundisha.