Soketi ya Simu Chomboni Si Anasa

Wapo wenye boti wanaodai kwamba kuweka soketi ya USB ya kuchajia simu ni kuwadekeza mabaharia. Hoja hiyo haina mashiko. Simu ya baharia wa leo si ya soga tu: ndiyo dira yake, ndiyo tochi yake na, penye mtandao, ndiyo sauti yake ya kuomba msaada. Injini ikiharibika jioni na chaji imekwisha, sauti hiyo imekatika.

Na mzigo wenyewe ni upi? Soketi hupokea volti 12 za betri na kuzishusha hadi 5. Ikiipa simu ampea 2, hizo ni wati 10. Betri hutoa takriban ampea 1 tu.

Ninaowalaumu zaidi ni wale wanaokubali, kisha wakalipua kazi. Waya mwembamba hufungwa moja kwa moja kwenye betri, bila fyuzi wala swichi. Ukichunika na kugusana, huwaka moto kando ya dumu la petroli! Fyuzi na ikae karibu na ncha chanya ya betri. Swichi izime soketi isiyotumika, isije ikanyonya betri ya kuwashia injini. Soketi nayo iwe juu, yenye kifuniko, maana maji ya chumvi hula shaba.

Anayebania bei ya fyuzi ameweka rehani roho za watu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na baharini, ndugu msomaji, hakuna pa kujengea ukuta.