Vifaa vya kuwapimia akina mama vitazamwe upya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo wengi hulionea haya, hali linaendelea kutupunguzia akina mama wa nchi hii. Nalo ni kifaa kinachotumika katika kupima saratani ya mlango wa kizazi.

Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yalionyesha kuwa Tanzania ilipata wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hiyo kwa mwaka mmoja, na vifo zaidi ya 6,000. Haya si maradhi ya ghafla. Kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, virusi vya HPV huchukua miaka 15 hadi 20 kumfikisha kwenye saratani kamili. Kwa hiyo muda wa kuiwahi upo. Muuguzi akipaka siki kwenye mlango wa kizazi, sehemu iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe, na mara nyingi mama anaweza kutibiwa siku hiyo hiyo akarudi nyumbani. Akichelewa, safari yake ni Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, na wengi hufika huko hali imekwisha kuwa mbaya.

Kwa nini basi akina mama hawaendi mapema? Wakuu wengi hujibu upesi kwamba ni ujinga, ati elimu haijawafikia. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Susuni, wilayani Tarime, na nimevuka miaka 30, yaani nami ni miongoni mwa wanaotakiwa kupimwa. Nasema jibu hilo halitoshi. Tangazo likipita na kipaza sauti, akina mama husikia na huelewa. Lakini wako waliokwisha kwenda mara moja, na waliporudi waliwaeleza wenzao kisimani: kile chuma ni cha baridi, kinauma, na ukijisogeza unaambiwa utulie. Neno la mama mmoja aliyeumia lina nguvu kuliko vipaza sauti kumi.

Kifaa chenyewe huitwa spekulamu. Kina bapa mbili kama mdomo wa bata, nazo hutanuliwa ili mpimaji aone ndani. Wasomaji wajue kilikotoka. Katika miaka ya 1840 daktari mmoja Mmarekani, James Marion Sims wa Montgomery, Alabama, alianza kwa kupinda kijiko, akawafanyia wanawake watumwa majaribio ya upasuaji bila dawa ya kuondoa maumivu. Majina ya watatu kati yao yanajulikana: Anarcha, Lucy na Betsey. Baadaye katika karne hiyo hiyo ya 19, Mfaransa aitwaye Cusco alitoa lile umbo la mdomo wa bata, na ndilo linalotumika karibu vile vile mpaka leo. Redio zimebadilika, simu zimebadilika, lakini chombo hiki kimebaki pale pale. Tangu mwanzo kiliundwa kwa ajili ya jicho la daktari. Mama anayepimwa hakuulizwa.

Chuoni tulifundishwa kuwa zana humfuata mwanafunzi, si mwanafunzi kuifuata zana. Dawati la darasa la kwanza haliwi sawa na la darasa la saba. Spekulamu nazo hutengenezwa ndogo, za kati na kubwa. Lakini mahali penye saizi moja tu, mama ambaye hajazaa, mama wa watoto wanane na bibi aliyekoma hedhi wote hupimwa kwa ile ile. Isitoshe, katika mkoa wetu wa Mara wako akina mama wengi waliokeketwa. Sheria ya mwaka 1998 ilifanya kuwa kosa kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18, lakini sheria haifuti makovu. Mwenye kovu akipimwa kwa chuma kisichomfaa huumia zaidi ya wenzake, na si rahisi arudi tena.

Watakuwapo watakaosema kuwa nchi yetu ina mengi ya kununua kabla ya kufikiria starehe. Mimi siombi starehe. Kipimo ambacho watu wanakikimbia ni hasara kwa taifa, hata kikitolewa bure. Kwa hiyo nashauri yafuatayo.

Kwanza, Bohari ya Dawa na halmashauri zote zihakikishe kuwa kila zahanati na kituo cha afya kinachopima kina spekulamu za saizi zote. Gharama yake haiwezi kulinganishwa na gharama ya kumtibu mgonjwa kwa mionzi.

Pili, wauguzi wakumbushwe kupasha chuma kwa maji ya vuguvugu, kumpa mama shuka la kujifunika, kumweleza kila hatua, na kusimama anapoomba wasimame. Mwaka 2006 jarida la kitabibu la BMJ la Uingereza lilichapisha utafiti uliofanywa kwa wanawake 197 huko Marekani. Wale waliopimwa bila kupachikwa miguu kwenye vyuma vya kitanda walipata usumbufu mdogo kuliko wenzao, na hawakujiona wanyonge kama wao. Kuacha kutumia vyuma hivyo hakuhitaji fedha za kigeni.

Tatu, mama aruhusiwe kujichukulia sampuli mwenyewe. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa kipimo cha virusi vya HPV ndicho kitangulie, kuanzia miaka 30, au 25 kwa wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Mama hupewa kijiti chenye pamba, akajichukulia sampuli faraghani. Mashine za GeneXpert, ambazo hapa nchini hutumika kupima kifua kikuu, zinaweza kupima virusi hivyo pia. Atakayekutwa navyo ndiye aitwe kwa uchunguzi zaidi.

Nne, mafundi wetu wasikae kusubiri. Huko Marekani, Profesa Nimmi Ramanujam wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake wameunda kifaa chembamba chenye kamera, kiitwacho Callascope, ambacho mama anaweza kukiingiza mwenyewe bila spekulamu. Vyuo vyetu vya ufundi na vya uganga navyo vina vijana hodari. Wakae na wakunga, na zaidi wakae na akina mama wa vijijini, wawaulize kabla ya kuchora.

Tangu mwaka 2018 watoto wetu wa kike wamekuwa wakichanjwa dhidi ya virusi hivi, na sisi walimu tumeshiriki kuwahimiza. Hilo ni jambo la kujivunia. Lakini mama zao walikwisha kuwa watu wazima chanjo ilipofika. Ngao yao ni kupimwa, na hawatapimwa kwa chombo wanachokiogopa. Natumaini wanaohusika hawatalipuuza jambo hili.

Mwalimu,
Susuni, Tarime.