Eti Kohli ana mchecheto? Acheni uzushi!

Ndugu msomaji, kuna ugonjwa umeingia vijiweni. Nyota akivurunda mechi moja ya mtoano, kesho yake kila mtu ni daktari: "Yule ana mchecheto, mechi kubwa haziwezi!" Tulizoea kuwasema hivyo wanasoka. Siku hizi hata wacheza kriketi wa India na Afrika Kusini wanahukumiwa hapo hapo kwenye benchi la kahawa.

Hebu tuambiane ukweli. Mshitakiwa namba moja ni Virat Kohli. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2011 alipata mikimbio 9. Mwaka 2015 akapata 1. Mwaka 2019, 1 tena. Ukiishia hapo, kesi imekwisha. Lakini mbona wabishi hawaendelei kuhesabu? Nusu fainali ya 2023 alipiga 117. Kwenye Kombe la Dunia la ova 20, nusu fainali ya 2014 alipiga 72 na ya 2016 akapiga 89, zote bila kutolewa. Mwaka 2024 mambo yalimwendea kombo, mechi 7 mikimbio 75 tu. Ilipofika fainali pale Barbados akapiga 76, India ikabeba kombe. Mchecheto gani huo unaopona siku ya fainali?

Wewe mtu wa soka, elewa jambo moja. Mshambuliaji akikosa goli dakika ya 2, ana dakika 88 za kujirekebisha. Mpigaji wa kriketi akikosea mpira mmoja tu, kazi imekwisha, anakwenda kukaa. Mwaka 2019 pale Manchester, Rohit Sharma alifika nusu fainali akiwa ameshafikisha mia mara 5 katika mashindano yale yale. Akapata 1. Kohli 1. KL Rahul 1. India ina mikimbio 5, wapigaji 3 wako nje! Jamani, watu watatu waliingiwa na mchecheto kwa pamoja? Au Matt Henry na Trent Boult wa New Zealand walikuwa wanaupinda mpira mpya kweli kweli? Mbona mrushaji hapewi haki yake?

Sisemi mchecheto haupo. Upo, na mimi nimeuonja. Mtihani wa hesabu kidato cha nne, maswali niliyokuwa nawafundisha wenzangu usiku, asubuhi nikayatazama kama yameandikwa Kichina. Nilikuwa nayajua, mkono ukagoma. Huo ndio mchecheto: unachokijua kinakukimbia wakati umeshakishika.

Ukitaka mfano halali nenda Birmingham, Juni 17, 1999, Afrika Kusini na Australia, nusu fainali. Ova ya mwisho, inahitajika mikimbio 9, wiketi ni moja tu. Lance Klusener akapiga 4, akapiga 4 nyingine. Sare, 213 kwa 213. Mkimbio 1 tu, mipira 4 imebaki! Mpira uliofuata nusura mwenzake Allan Donald atolewe. Uliofuata tena, Klusener akapiga akatimka, Donald kasimama anautazama mpira, akadondosha gongo lake la kupigia, akaanza kukimbia jahazi limeshazama. Australia ikapita kwa sababu ilikuwa juu yao kwenye hatua iliyotangulia.

Hapo sawa, semeni mchecheto. Ila Klusener huyo huyo alipiga 31 kwa mipira 16 siku ile, na ndiye aliyetangazwa mchezaji bora wa mashindano. Bila yeye wasingeifikia hata hiyo ova ya mwisho.

Kibaya zaidi, jina hili linarithishwa kama deni la marehemu. Marco Jansen, aliyezaliwa 2000, anabebeshwa kosa la Donald! Fainali ya Barbados 2024, Afrika Kusini walihitaji mikimbio 30 kwa mipira 30, wiketi 6 mkononi, wakashindwa kwa mikimbio 7. Vijiwe vikalipuka: si tuliwaambia?

Nahodha wao siku ile alikuwa Aiden Markram. Juni 2025, fainali ya ubingwa wa dunia wa mechi za siku tano pale Lord's, walitakiwa kufikisha 282 dhidi ya Australia wale wale. Markram akapiga 136. Nahodha Temba Bavuma akapiga 66 huku anachechemea kwa msuli wa paja. Wakashinda kwa wiketi 5. Sasa, madaktari wa kijiweni, mgonjwa wenu alitibiwa lini, na nani?