Usinunue Memori Kabla Hujasoma Ripoti ya Profaila

Bumu likiingia tu, wenzetu wa miradi ya mwaka wa mwisho wanapanda daladala kwenda mjini kuongeza memori ya kompyuta. Sababu: "programu yangu inachelewa." Ukiwauliza inachelewa wapi hasa, wanapandisha mabega. Mimi nasema hiyo ni hela ya kula inayotupwa, maana cProfile ni profaila ya bure na inakuja ndani ya Python yenyewe.

Halafu kuna wanaoiendesha lakini wakaisoma kichwa chini miguu juu. Wanaona main ina cumtime kubwa kuliko zote, basi wanaanza kuifumua. Jamani, main lazima iwe kubwa! Cumtime ni muda wa funksheni pamoja na zote ilizoziita. Tottime ni muda wake yenyewe tu. Fikiria mto Ruvu. Ukipima maji kule chini yanakochotwa kwenda Dar es Salaam, unapata jumla: ya Mgeta, ya Ngerengere, ya vijito kibao vinavyoshuka Uluguru. Kipimo ni cha kweli, ila hakikuambii kijito kipi kimeleta mengi. Lazima upande juu ukapime kimoja kimoja.

Chukua mfano wa kubuni: data ya mvua ya kila siku kwa miaka 30, mistari kama 10,950. Programu inakula sekunde 60. Main ina cumtime 60 na tottime 0.02. Kuchora grafu, sekunde 3. Kubadili tarehe: ncalls 10,950, kila mwito sekunde 0.004, tottime karibu 44. Aliyekesha akiboresha grafu, hata akiifuta kabisa, anabaki na 57. Kumbe funksheni ya tarehe inafungua faili la mpangilio upya kwa kila mstari! Lifunguliwe mara moja, yaishe. Hapo memori mpya ingesaidia nini?

Ila profaila nayo isiabudiwe. cProfile inarekodi kila mwito, na kurekodi kwenyewe kunakula muda, hivyo kifunksheni kinachoitwa mara maelfu huonekana kizito kuliko kilivyo. Tena kwa kawaida inapima saa ya ukutani: ukipakua data kwa intaneti ya hosteli saa mbili usiku, kusubiri kote kunahesabiwa (na tunaijua hiyo intaneti). Mara ya pili nayo mara nyingi huenda haraka, kwa kuwa faili tayari liko kwenye memori. Kwa hiyo endesha mara kadhaa, kisha pima tena bila profaila.

Ninachodai ni hiki: siku ya kutetea mradi, anayesema "nimeongeza kasi" aombwe ripoti mbili, ya kabla na ya baada, data ileile, mashine ileile. Kwa sasa neno "haraka" peke yake linapigiwa makofi, na aliyenunua memori anaonekana kafanya kazi kuliko aliyehamisha mstari mmoja.