Kalengera si mahali pa kujifunzia bunduki ya plastiki

Video za namna hiyo ni nyingi mtandaoni. Mtu anasimama chumbani mwake, anachomoa bastola ya plastiki kiunoni, analenga karatasi iliyobandikwa ukutani na kufyatua. Kinachotoka ni kidonge cha plastiki cha milimita 6. Kijana yeyote mwenye simu na megabaiti chache anaweza kuitazama video hiyo, awe Tokyo au Kalengera, katika eneo la Rutshuru. Baada ya kuitazama, anaweza kutamani kufanya vilevile nyumbani kwao.

Bunduki hizo zinaitwa easofti. Zilianzia Japani katika miaka ya 1970, nchi ambako raia wa kawaida haruhusiwi kuwa na bastola. Zinatengenezwa zifanane na za kweli kwa umbo, kwa rangi na mara nyingi hata kwa uzito. Wanaozitetea wana hoja. Risasi za kweli ni ghali, zina kelele na zinaua. Ya plastiki inamfundisha mtu kushika, kulenga na kutoweka kidole kwenye kifyatulio kabla ya wakati. Mjapani Tatsuya Sakai alifanya mazoezi yake kwa bunduki za namna hiyo, na mwaka 2004 akashinda mashindano ya Steel Challenge huko Marekani mbele ya watu waliokua na bunduki za kweli mikononi.

Lakini Sakai alikuwa anajifunza katika nchi ambako mtu akiona bastola mkononi mwa jirani, wazo la kwanza ni kwamba ni ya kuchezea. Usalama wake haukutokana na plastiki peke yake. Ulitokana na watu waliomzunguka. Pale ambapo bunduki za kweli ni nyingi, mambo yanageuka.

Marekani ni mfano. Huko, bunduki hizo huuzwa zikiwa na alama ya rangi ya machungwa mdomoni ili polisi wazitambue. Tarehe 22 Novemba 2014, mjini Cleveland, mtoto wa miaka 12 alikuwa anacheza na moja ambayo haikuwa tena na alama hiyo. Aliyepiga simu polisi alisema huenda ni ya bandia, lakini neno hilo halikuwafikia askari waliotumwa. Sekunde mbili hivi baada ya gari lao kufika, mtoto alipigwa risasi. Alikufa siku iliyofuata. Hayo yalitokea katika nchi yenye redio za polisi, kamera na alama ya rangi.

Kalengera haina hata kimoja kati ya hivyo. Iko kwenye barabara ya kitaifa namba 2, kati ya Rumangabo na Rutshuru, na kila vita vya eneo hilo vinapita mlangoni pake. M23 ilishika kambi ya Rumangabo mwaka 2012 na kufukuzwa humo mwaka 2013. Mwishoni mwa Oktoba 2022 ilirudi na kuteka Rutshuru na Kiwanja. Kati ya vita hivyo na baada yake, wakaaji wamejua FARDC, FDLR, Mai-Mai na Wazalendo. Mtu mwenye silaha akiona mdomo wa bunduki dirishani saa moja ya jioni, hataulizia kama ni ya plastiki. Atafyatua kwanza, na nyumba nzima italipa, pamoja na mama aliyekuwa jikoni.

Kuna watakaosema kwamba hiyo ndiyo sababu ya kujifunza: raia amechoka kukimbia na godoro kichwani, afadhali ajue kujilinda. Uchungu huo ni wa haki. Tarehe 3 Novemba 2022, Rais Félix Tshisekedi mwenyewe aliwaita vijana waingie jeshini na kuunda makundi ya ulinzi, na wengi waliitika mjini Goma. Lakini kidonge cha plastiki hakimfundishi mtu kishindo cha bunduki ya kweli begani, wala woga wa kupigwa, wala kufikiri ni nani aliyesimama nyuma ya shabaha. Kinampa ujasiri bila ujuzi. Tena sheria ya silaha ya tarehe 3 Septemba 1985 inamtaka raia awe na kibali kabla ya kushika ya kweli. Anayejizoeza chumbani kwa siri hajilindi. Anajitafutia mashaka kutoka kila upande: huyu atamwita mwasi, yule atamwita mpelelezi.

Hatari nyingine iko kwa watoto. Kivu inakumbuka kadogo wa AFDL, miaka ya 1996 na 1997. Katika makundi mengi, mtoto alianza mafunzo na fimbo au bunduki ya mti kabla ya kupewa ya chuma. Kwa hiyo bunduki ya bandia hapa si chombo kipya, na historia yake si ya michezo. Kwa makosa ya kuingiza watoto katika vita, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilimtia hatiani Thomas Lubanga mwaka 2012. Mwaka 2019 ilimtia hatiani Bosco Ntaganda kwa makosa hayo na mengine mengi. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 inakataza kumwandikisha mtoto wa chini ya miaka 18 katika jeshi, polisi au kundi lolote la silaha. Anayewatafuta watoto hao atafurahi kumkuta mmoja ambaye mzazi wake ameshamfundisha kulenga.

Watu watauliza: na bunduki ya jani la mgomba? Watoto wa Rutshuru wanaijua. Wanachanja ule mshipa wa katikati, wanapitisha mkono, unalia tatatata. Hiyo haimdanganyi askari yeyote, na kesho yake imenyauka. Ya plastiki ni tofauti kwa sababu kazi yake ni kufanana. Mwizi anaweza kuitumia kwa mama wa dukani, naye hawezi kutambua. Na mtoto aliyezoea kuichezea hataogopa siku atakapookota shambani ya kweli, au guruneti ambalo vita vililiacha.

Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe. Wembe unakata kidole, na kidole kinapona. Bunduki ya bandia katika kijiji chenye bunduki za kweli haimpi mtoto nafasi ya pili ya kujifunza.

Siku za Noeli na Bonane, mzazi akiombwa bunduki ya plastiki sokoni, anunue mpira. Mfanyabiashara asipakie kwenye mzigo wake kitu ambacho hangependa kukiona mkononi mwa mtoto wake barabarani. Na mtu mzima ambaye tayari anayo nyumbani, asiibebe nje wala kuificha chini ya kitanda, kwa kuwa atakayeikuta siku ya msako hatasikiliza maelezo. Aivunje na kuitupa chooni.