Kukandwa Tumbo Kiptere: Mikono ya Kogo Iko Fiti Wapi, na Inakuwa Noma Lini?

Kama ocha yenu ni Kericho ama Bomet, hii stori unaijua. Dem ana ball ya miezi saba, mgongo unamsumbua, na mtoto anapiga mateke upande mmoja tu. Mathe yake hataji hosi kwanza. Anamwambia, "Enda kwa kogo akukande." Kogo ni nyanya kwa Kipsigis, na karibu kila kijiji kina mmoja anayejulikana kwa mikono yake.

Kiptere, huo mji mdogo wa kaunti ya Kericho ukiteremka kuelekea Sondu, haiko peke yake. Pwani wakunga hukanda. Ukivuka Sondu uingie kwa Wajaluo, nyamrerwa naye hukanda. Nairobi pia wapo, ni vile tu hawaweki bango. Hata jina Kericho, wazee wengine husema lilitoka kwa neno kerichek, yaani dawa. So usianze kucheka watu wa gishagi. Tuulize tu: hiyo mikono inasaidia nini, na inaweza kuua lini?

Mbona watu bado wanaenda?

Wengi husema ni ushamba, lakini hesabu inakataa. Utafiti wa kitaifa wa afya ya jamii ulionyesha 2014 kwamba asilimia 62 ya akina mama walizalishwa na mtu mwenye ujuzi wa kitabibu. Kufikia 2022 ilikuwa asilimia 89. Kumaanisha wamama wameitikia hosi. Dem anayekandwa na kogo Jumamosi anaweza kuwa yule yule anayepiga laini kliniki Jumatatu.

Anaenda kwa kogo kwa sababu huko kuna muda. Kliniki utapimwa presha, uzito na damu, uandikiwe kwa kitabu, halafu "next." Kogo anakushika, anakuuliza kama umekula, anaongea lugha yako, na hana haraka. Na mtu ambaye ameshinda amebeba kikapu cha majani chai mgongoni anahitaji kushikwa na mtu, si kupimwa tu.

Halafu kuna doh. Serikali ilitangaza kujifungua bure Juni 2013, na baadaye ikaja Linda Mama. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na mchezo ukabadilika. SHA inalipa hosi Sh10,000 kwa kujifungua kwa kawaida na Sh30,000 kwa upasuaji, lakini michango yako lazima iwe imelipwa. Kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na kama huna payslip unatakiwa kulipa ya mwaka mzima mara moja, Sh3,600. Kwa mtu wa kibarua hiyo si chenji. Kogo ukimpelekea sukari na majani, mmeelewana.

Penye kogo ako sawa

Tumbo limejaa gesi, choo imekuwa ngumu siku tatu? Kukandwa polepole kunaweza kusaidia, na hata wahudumu wa afya hukubali hivyo. Siri iko kwa njia: utumbo mpana hupanda upande wa kulia, unavuka juu, unashuka kushoto. Kwa hivyo unakanda ukifuata mshale wa saa, pole pole, pamoja na maji, mboga na kutembea. Mgongo, mabega na miguu ya mjamzito pia, ukikandwa kwa mkono laini, mwili unapumzika. Hapo kogo apewe heshima zake.

Penye stori inaanza kupotea

Sasa ile sifa kubwa: "Aligeuza mtoto." Hapa fuata hesabu na mimi. Wiki ya 28, karibu mtoto mmoja kati ya watano huwa ametanguliza matako. Kufikia wakati wa kuzaliwa, wanabaki watatu ama wanne tu kwa kila 100. Wengi hujigeuza wenyewe. Kumaanisha kogo akikanda wamama 20 wa miezi saba ambao watoto wao wamekaa vibaya, 16 hivi watageuka hata kama angekuwa anawasomea gazeti. Kogo hadanganyi mtu. Yeye mwenyewe ameona watoto wakigeuka, na kila aliyegeuka amemuongezea jina.

Na ndio, madaktari pia hugeuza mtoto kwa mikono. Lakini wanangoja kuanzia wiki ya 36 ama 37. Wanapiga skani kwanza waone kondo la nyuma limekaa wapi, wanasikiliza moyo wa mtoto, na chumba cha upasuaji kiko karibu. Hata hivyo hufaulu karibu nusu tu ya wakati. Mtoto akigoma, wanaacha.

Kwa kogo hakuna skani na hakuna theatre. Akibonyeza kwa nguvu, kondo linaweza kuachana na ukuta wa mfuko wa uzazi. Mama anavuja damu, wakati mwingine kwa ndani bila wewe kuona, na mtoto anakosa oksijeni. Kama mama alishawahi kupasuliwa, lile kovu linaweza kuachia. Hapo unahitaji damu na daktari haraka, na boda ya usiku kwa barabara ya matope haikupi hizo dakika.

Na wale wanaosaka mtoto? Utaambiwa "kizazi kimegeuka, kirudishwe." Lakini mirija ikiziba, mara nyingi ni makovu ya magonjwa kama klamidia na kisonono, na hakuna kidole kinafika huko. Tena tatizo laweza kuwa kwa jamaa. Kama manzi amekandwa mwaka mzima na chali hajawahi kupima mbegu, hapo mmekanda mtu mmoja kwa shida ya watu wawili.

Serikali iko wapi?

Sheria ya Afya ya 2017 inazungumzia tiba za kienyeji, na inataka kuwe na mfumo wa waganga hao kuelekeza wagonjwa hosi. Septemba 2023 serikali ikazindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000 wa kutembea nyumba kwa nyumba. Hao ndio wanafaa kuketi na kogo. Kumpiga marufuku kutamsukuma tu afanye kazi gizani, na akiogopa kushikwa hatakwambia mapema kwamba damu imeanza kutoka. Akiwa upande wetu, yeye ndiye atakuwa wa kwanza kusema, "Huyu apelekwe sasa hivi."

Kwa hivyo wewe, ama sista yako, chukua hii. Mgongo na miguu kukandwa, sawa. Tumbo la mjamzito lisibonyezwe, na mtoto asigeuzwe nyumbani. Ukiona damu, maumivu makali yasiyoisha, maji kuvunjika, kichwa kuuma sana na macho kuona ukungu, ama mtoto ameacha kucheza, hiyo ni hosi, si kesho. Na kama hauna ball lakini umekosa hedhi na tumbo linauma upande mmoja, usikubali kukandwa kabla ya kupimwa: mimba inaweza kuwa imekaa kwa mrija.

Ukienda ocha, msomee kogo hiyo orodha kwa lugha yake. Yeye ndiye simu itapigiwa saa nane usiku kabla mtu yeyote hajafikiria ambulansi.