Ngitili zisigawanywe, ndizo maghala ya ng'ombe



Naomba unipatie nafasi katika gazeti lako ili nitoe maoni yangu juu ya jambo ambalo kwa sisi wafugaji wadogo wa Usukumani ni la kufa na kupona, yaani malisho ya kiangazi. Mimi ni mkulima na mfugaji wa Wilaya ya Kishapu, Mkoa wa Shinyanga. Nina ng'ombe kumi na mmoja, mbuzi wachache, na jembe moja la kukokotwa na maksai. Sina elimu kubwa ya mifugo, lakini nimechunga tangu utoto wangu, na mengi nitakayoyasema nimeyaona kwa macho yangu.

Kila mwaka ikifika Septemba na Oktoba tunasikia habari zile zile. Ng'ombe wanakonda, wengine wanaanguka njiani wakienda kunywa maji, wafugaji wanahama, na huko waendako wanagombana na wakulima. Mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 maelfu ya mifugo walikufa kwa ukame katika Wilaya ya Simanjiro, Mkoa wa Manyara, na nchi nzima ilisikitika. Kisha mvua zinanyesha, majani yanaota, nasi tunasahau. Kiangazi kingine kikija tunaanza kulia upya.

Tukiulizwa sababu, tunajibu kwamba ni jua. Mimi napinga jibu hilo. Jua la kiangazi haliji kwa siri. Kwetu mvua hukoma Mei na hurudi Novemba, na zikichelewa ni Desemba. Babu zetu walilijua hilo, nasi tunalijua. Mtu anayejua kwamba miezi mitano inakuja bila majani, na asiweke akiba, akipata hasara asilisingizie jua.

Kwa wasomaji wa mikoa mingine nieleze kwanza ngitili ni kitu gani. Ngitili ni eneo la majani na miti ambalo hufungwa mvua zinapoanza, mifugo isiingie. Majani hukua, hutoa mbegu, na hukaukia pale pale yakiwa yamesimama. Malisho ya nje yakiisha wakati wa kiangazi, ndipo ngitili hufunguliwa, tena kwa sehemu: upande huu ukiliwa, upande mwingine unangoja. Wanaotangulia kuingizwa ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, wagonjwa, na maksai watakaolima. Kwa kifupi ni ghala la chakula, ila halina ukuta wala bati.

Huu si ushamba, na historia ya mkoa wetu inashuhudia. Zamani sehemu kubwa ya nchi hii ilikuwa na miti mingi. Wakati wa ukoloni, kuanzia miaka ya 1920, mapori mengi yalifyekwa ili kuharibu makazi ya mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, ng'ombe wakaongezeka, na miti ikakatwa kwa kuni na majengo. Watu walipohamia vijijini katika miaka ya 1970, familia nyingi ziliacha ngitili zao nyuma, zikakosa mwenyewe. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere alizuru Shinyanga, akaona jinsi nchi ilivyokuwa ikigeuka jangwa. Mwaka 1986 Serikali ikaanzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la HASHI.

Mwanzoni mkazo ulikuwa kupanda miche. Lakini baadaye wataalam walikubali kujifunza kwa wenyeji, wakahimiza watu wafunge maeneo yao kama walivyofanya wazee. Ardhi ikapumzishwa, na visiki vilivyodhaniwa vimekufa vikachipua. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeandikwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000 katika Mkoa wa Shinyanga wa wakati ule, pamoja na sehemu iliyofanywa Mkoa wa Simiyu mwaka 2012. Utafiti uliotolewa mwaka 2005 na Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la IUCN ulionyesha kwamba faida za ngitili, yaani malisho, kuni, miti ya kujengea, dawa, asali, matunda na uyoga, zilifikia wastani wa dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi. Kwa mwananchi wa kijijini hiyo si fedha ya kudharau.

Sasa, ndugu Mhariri, kinachonifanya nishike kalamu ni kwamba kazi hiyo ya miaka mingi tunaibomoa kwa mikono yetu wenyewe. Kijijini kwetu ipo ngitili ya kijiji. Katika mkutano uliopita lilitolewa wazo kwamba igawanywe vipande vipande, kila kaya ipate chake ilime. Wazo hilo lilipigiwa makofi mengi. Uamuzi umeahirishwa mpaka mkutano utakaofanyika baada ya mavuno.

Nisingependa kuwatukana waliopiga makofi, maana hata mimi si msafi. Miaka michache iliyopita nilikuwa na ngitili ya familia niliyoachiwa na marehemu baba, kiasi cha ekari nne. Bei ya pamba ilikuwa nzuri, nikaingiwa na tamaa, nikailima yote. Mwaka ule nilipata fedha, nikawacheka waliobaki na majani yao. Kiangazi kilipofika sikuwa na mahali pa kupeleka maksai. Mwezi Oktoba walikuwa mifupa mitupu. Nikauza mtamba kwa nusu ya bei ambayo ningeipata Juni, nikanunua pumba na mashudu ya pamba ili niwaokoe. Mvua ya kwanza iliponyesha, jirani zangu wakafunga majembe. Mimi maksai wangu mmoja akalala chini kwenye mfereji wa kwanza, asiinuke. Nilisubiri wiki tatu mpaka wakapata nguvu kwa majani mapya. Mahindi niliyopanda kwa kuchelewa yakakaukia njiani, na mwaka uliofuata nilinunua chakula kwa debe.

Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo watu wengi wa mijini hawalifahamu. Njaa ya ng'ombe ya Oktoba ndiyo njaa ya watu ya mwaka unaofuata. Kwa mkulima mdogo wa huku, maksai ndio trekta. Kwa hiyo anayelima ngitili ili apate shamba kubwa zaidi, anaongeza shamba na kuua trekta la kulilima.

Je, kwa nini basi watu wanataka kugawana? Nimelifikiria sana swali hili, na naona sababu ni tatu. Kwanza, watu wameongezeka na vijana hawana mashamba. Pili, wako wenye mifugo mingi ambao wana ngitili zao binafsi. Hao huzifunga zao vizuri, lakini ng'ombe wao huwaingiza usiku katika ngitili ya kijiji kabla haijafunguliwa, na wakikamatwa faini wanailipa bila kuhisi. Tatu, na hii ndiyo kubwa, kaya nyingi hazina ng'ombe hata mmoja. Mtu asiye na ng'ombe anaulizwa alinde majani yatakayoliwa na ng'ombe wa mwenzake. Huyo akisikia neno kugawana, atakosaje kunyoosha mkono? Tusimwite adui wa maendeleo. Tumemnyima fungu lake, ndiyo maana anadai ardhi.

Basi dawa iko hapo hapo. Ngitili ya kijiji imfae kila mwanakijiji. Asiye na mifugo apewe haki ya kuokota kuni kavu, kukata nyasi za kuezekea, na kuweka mizinga ya nyuki. Vijana wapewe sehemu ya kukata majani, wayakaushe na kuwauzia wenye ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi alipe ushuru kwa kila kichwa, na fedha zionekane katika zahanati au shule, zisomwe hadharani kwenye mkutano. Faini nayo ihesabiwe kwa idadi ya ng'ombe waliokamatwa, wala isiwe kiasi kimoja kwa mwenye watatu na mwenye mia tatu. Tukifanya hivyo walinzi wa ngitili watakuwa kijiji kizima.

Kuhusu hao vijana na majani, nipige hesabu kidogo. Ng'ombe mmoja wa kilo 250 anahitaji kiasi cha kilo sita za majani makavu kwa siku. Kwa siku 120 za kiangazi kikali ni kilo 720. Robota moja linalofungwa kwa sanduku la mbao lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45 lina uzito wa kilo 20 hivi. Kwa hiyo ng'ombe mmoja ni marobota 36, na maksai wawili ni 72. Nusu ya chakula chao ikitoka kwenye mabua ya mtama na mahindi na majani ya karanga, ambayo wengi wetu tunayachoma moto au kuyaacha shambani yaliwe na mifugo ya wapita njia, yanabaki marobota 36 tu kwa maksai wote wawili. Sanduku hilo fundi seremala yeyote wa kijijini anaweza kulitengeneza. Muhimu ni majani yakatwe yanapoanza kutoa maua, mvua zikipungua, yaanikwe siku mbili au tatu, na yatunzwe kwenye kivuli mahali pasipovuja. Tukingoja Agosti tunakata makapi yasiyo na nguvu.

Wako watakaosema, kama wanavyosema siku zote, kwamba wafugaji wapunguze mifugo. Neno hilo lina ukweli, nami silikatai. Ardhi haiongezeki. Lakini lisemwe vizuri. Usimwambie mtu auze Oktoba, wakati ng'ombe ni ngozi na mifupa na mnunuzi anajipangia bei. Mwambie Juni, ng'ombe akiwa amenenepa. Kila mfugaji aketi mwezi Mei, ahesabu majani aliyo nayo, kisha ahesabu vichwa. Vichwa vilivyozidi majani aviuze, abaki na maksai, ng'ombe wa maziwa na mitamba mizuri. Kuuza watatu mapema kwa bei nzuri ni afadhali kuliko kuzika watano.

Kwa upande wa Serikali, tunashukuru kwa majosho, chanjo na malambo. Lakini naomba viongozi wetu walitazame jambo moja. Lambo likichimbwa mahali pasipo na mpango wa malisho, ng'ombe wa vijiji vingi hukusanyika hapo, na baada ya wiki chache majani ya karibu yote yamekwisha. Maji yapo, lakini ng'ombe anatembea saa nyingi kutafuta chakula, kisha anarudi kunywa akiwa amechoka. Lambo na ngitili viende pamoja.

Sheria nazo tunazo. Ipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inatambua ardhi ya pamoja na kutoa hati ya haki miliki ya kimila. Ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007, na ipo ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo ya mwaka 2010. Kilichopungua ni kuzifikisha kijijini. Ngitili yetu haina ramani, haina alama za mipaka, haina hati. Ni neno la mdomo tu la wazee, na wazee wanakwisha. Naziomba halmashauri zetu za wilaya zituletee wapimaji kabla mipaka haijasahauliwa, na mabwana mifugo waje kutufundisha kukata na kufunga majani mwezi Aprili na Mei. Wakija Oktoba watakuta tumeshaanza kuchuna ngozi.

Mimi mwenyewe nimeanza kurudi nyuma pale nilipokosea. Ekari mbili kati ya zile nne nimeziacha bila kulima kwa msimu wa tatu sasa. Mwanzoni yaliota magugu, jirani wakanicheka kama nilivyowacheka. Mwaka huu majani yamefika kiunoni na migunga imeanza kuchipua. Haijawa kama ilivyokuwa ya marehemu baba, lakini maksai wawili watapata mahali pa kusimama mwezi Oktoba.

Mkutano wetu utakapoitwa, nitasimama na kusema haya haya niliyoyaandika hapa, hata kama nitazomewa. Nawaomba wafugaji na wakulima wenzangu wa Shinyanga, Simiyu na kwingineko nao wasimame katika mikutano ya vijiji vyao. Kipande cha ngitili kikishagawanywa na kulimwa, kukirudisha ni kazi ya miaka. Kukigawa ni kazi ya asubuhi moja.



Mfugaji Mdogo,
Kishapu, Shinyanga.